Viungo vya Mkono wa Kushoto

Mzee wa Laini alikuwa haingii nyumba ya mtu kabla hajalitazama paa lake. Unamkaribisha, unamwambia chai inapoa, na yeye bado yuko uani, shingo juu, anafuata waya wa simu kwa macho kutoka kwenye nguzo mpaka pale unapopenya ukutani. Akiridhika anavua viatu. Asiporidhika anavua viatu vilevile, lakini chai haitamshuka. Mimi nilikuwa nimemzoea. Wageni wangu ndio waliokuwa wakinivuta pembeni kuniuliza huyu mzee anahesabu mabati yangu ya nini.

Jina lake nalijua, na nusu ya Musoma inalijua, ila halikuwa na kazi. Walimwita Mzee wa Laini tangu hana mvi hata moja, kwa sababu alikuwa fundi wa nyaya za simu na alitembea taratibu kama mtu aliyekwisha kustaafu. Kuhusu kwao, usiniulize. Waliosema ni Mmanyema walibishana na walioapa kwamba ni Mjita aliyesilimu, na yeye aliwasikiliza wote huku akinywa kahawa yake pale sokoni, wala hakumsaidia yeyote.

Ninachotaka ujue mapema ni kilichokuwa kinamla, maana bila hicho huwezi kumwelewa mzee huyu. Miaka ile ya foleni, sabuni haipo, sukari haipo, tunakula ugali wa unga wa njano, ofisi ya simu nayo haikuwa na waya wala risasi, ile ya kuyeyusha ya kuunganishia. Gari la kazi lilikuwa limepandishwa juu ya mawe. Hata hivyo simu zilikatika na fundi alitumwa, kwa baiskeli au kwa miguu. Akifika anaunga kwa chochote alichonacho: kipande cha seng'enge, mpira wa ndani wa baiskeli, nta ya mshumaa. Akishuka anamwambia mwenye nyumba, "Hiki ni cha muda tu. Waya ukija, nitarudi nikifunge sawasawa." Aliwaambia hivyo watu wa Musoma, wa Mugango, wa Butiama, mpaka Bunda. Waya haukuja. Biashara zilipofunguliwa na maduka yakajaa, waya ukaja, lakini siku hizohizo orodha ya kupunguza wafanyakazi ilibandikwa ukutani na yeye alikuwamo. Akatoka pale na hilo neno lake, nitarudi, limebaki kwenye nyumba za watu, na ngazi ya kurudia amenyang'anywa.

Alikuwa mtu wa ahadi kwelikweli. Akikwambia atakuja baada ya swala ya alasiri, wewe weka chai jikoni imamu anapotoa salamu. Kwa hiyo neno lile lilimkaa kama mwiba wa samaki.

Kuhusu waya wa shaba, ule kidogo uliokuwepo, wengine mtakuwa mmesahau ulivyokuwa haukai juu. Unafungwa Jumatatu, Alhamisi umeshakuwa bangili. Wakubwa ofisini walitaka watu washtakiwe. Mzee wa Laini yeye alienda mnadani Buswahili akatazama mikono ya kina mama, akaona anachokitafuta, akaenda kukaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa anauza mtama.

"Mama, hiyo bangili yako naifahamu," akamwambia. "Niliifunga mwenyewe juu ya nguzo."

"Kama unaifahamu, itaje jina," bibi akamjibu bila kumtazama.

Alicheka mwenyewe kila alipolisimulia hilo. Hakumpeleka bibi popote. Alirudi nyumbani, akachukua nusu mche wa sabuni, ule mgao wa familia waliokuwa wameupangia foleni tangu alfajiri, akaenda kubadilishana. Bangili akainyoosha kwa jiwe na kuirudisha juu. Ikawa kuna kipindi wakubwa wa Musoma wanaongea na Bunda kupitia bangili ya bibi wa Buswahili, na hawana habari. Mkewe alimnunia wiki nzima, na mimi ningemnunia mwezi.

Sasa mtu huyo, aliyekuwa anapanda nguzo peku bila mkanda, alikuwa anaogopa ng'ombe. Hapa Mara! Mtu hawezi kutembea nusu saa bila kukutana na kundi, na yeye akisikia tu kengele anatafuta mahali pa kupanda. Kule Butiama aliwahi kukaa juu ya nguzo asubuhi nzima kwa sababu ng'ombe walikuja kujikunia mgongo chini yake. Mwenye ng'ombe alipotokea akamuuliza anafanya nini huko juu muda wote huo.

"Nakagua," akajibu.

"Unakagua nini tangu asubuhi?"

"Mambo ya serikali hayo. Hebu sogeza mifugo yako."

Tena, alitengeneza simu za watu maisha yake yote, lakini yeye mwenyewe simu ilimshinda. Ukimpa mkono wa simu anapiga kelele, "Nipo! Nipo!" halafu anakata kabla hujasema neno. Kwake habari ilipelekwa kwa mguu. Ijumaa moja alipanda basi hadi Bunda kuwaambia wakwe zake kwamba Jumapili angekuja kuwatembelea, akarudi Musoma, na Jumapili akaenda. Nilipomwambia angeweza kupiga simu, akanishangaa kweli. "Salamu nitumie waya, Mama Nyangi? Wameniudhi nini?"

Na sukari. Daktari alikuwa amemkataza. Nyumbani kwake alikunywa chai kavu mbele ya mkewe, mtiifu kabisa. Kwangu aliweka vijiko vitatu, akisema mgeni hachagui. Siku moja nikakutana na mkewe kwenye mnada wa samaki, akaniamkia kwa tabasamu la upande: "Hujambo, mwenye kiwanda cha sukari?" Nilitafuta pa kuficha uso.

Lakini hadithi ninayotaka kuisema hasa ni ya kompyuta yangu, kwani hapo ndipo nilipomjua. Kabla ya hapo alikuwa mgeni wangu wa chai tu.

Nilikuwa nakaa Kitaji, mjane, na riziki yangu ilikuwa kuchapa. Mdogo wangu aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alinitumia kompyuta ofisi yao iliponunua mpya, na nikawa nachapa nyumbani barua za watu, mihtasari ya parokia, taarifa za vikundi vya kina mama. Halafu wafadhili wa vikundi wakaanza kudai taarifa kwa barua pepe. Nikaunganisha kompyuta na simu ya nyumba kwa kile kidude cha modemu, ambacho kabla ya kukuingiza kwenye intaneti kinalia kwanza kama paka aliyekanyagwa mkia. Asubuhi kilifanya kazi bila neno. Ikifika saa tisa mchana, taarifa ipo katikati ya safari, kap! Imekatika. Napiga tena, inaingia, dakika mbili, kap! Nilitamani kuitupa ziwani.

Nikamwita kijana wa kompyuta wa mjini. Akasema ni virusi, akapiga windo upya, yaani akaisafisha kompyuta na kuipakia programu zake upya, akanifutia mihtasari ya mwaka mzima, na saa tisa ikakatika vilevile. Akasema basi kompyuta ni nzima, tatizo ni laini. Nikaenda ofisi ya simu. Wakaja vijana wawili asubuhi, wakanyanyua simu, wakasikiliza. "Mama, mlio upo. Laini nzima. Tatizo ni kompyuta." Wakaondoka. Nikawa mpira, huyu ananipiga kwa yule, na kina mama wa kikundi wananijia kila siku kuuliza kama taarifa yao imefika.

Hapo nikatumia akili yangu, na akili yangu ikiwa na hasira huwa ni hatari. Ng'ambo ya njia kulikuwa na jirani mwenye mashine ya kusaga. Mashine yake ilianza kuunguruma mchana, watu wakishatoka shambani na muhogo wao. Saa tisa mashine inaunguruma, saa tisa intaneti inakatika. Nini kingine unataka? Nikavuka njia na kanga yangu kiunoni, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mashine yake inaninyima riziki na kwamba yeye anajua. Maskini, alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope, akabaki ananitazama. Miezi miwili sikumsalimia.

Mzee wa Laini alikuja kwa kuwa alisikia. Wakati huo alikuwa na kibanda chake karibu na soko, anatengeneza redio na chupa za chai. Kama kawaida akasimama uani, shingo juu, muda mrefu kuliko siku nyingine. Alipoingia nikamwonyesha kompyuta, nikaiwasha, nikaanza kumweleza.

"Hiyo mtaalamu wake ni wewe," akanikatiza. "Mimi niambie inakatikaga lini."

"Saa tisa."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mzee. Nimechoka."

"Jumatano je?"

Nikafikiri. Jumatano haikukatika. Nilikumbuka maana nilituma barua nne nikashangaa.

"Jumatano jirani alisaga?"

"Alisaga mpaka jioni."

"Na hewa ilikuwaje?"

"Joto la kufa mtu. Hata jani halikutikisika..." Nikageukia dirisha. Kila mchana wa kawaida upepo wa ziwa unapanda saa tisa. Mtoto wa Musoma anajua hilo kabla hajajua kusoma, na mimi miezi yote hiyo nimekaa chini ya dirisha nashikilia karatasi zisipeperuke.

Mzee wa Laini akakoroga chai yake yenye vijiko vitatu. "Umemnunia mtu bure," akasema. "Kamwombe radhi."

"Nitaenda. Kwanza tushughulikie..."

"Nenda sasa. Mtaa mzima huu mwenye ngazi ndefu ni yeye."

Jamani, ile njia ina hatua kumi na tano, na siku ile niliiona ndefu kuliko ya kwenda Bunda. Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine, akajifuta uso. "Ngazi ipo, Mama Nyangi," akasema. "Miezi miwili yote ngazi ilikuwepo. Salamu ndizo hazikuwepo." Akaibeba mwenyewe akaja nayo, na tukawa watu tena.

Utafutaji wenyewe ulikuwa hivi. Kutoka juu ya nguzo Mzee wa Laini hawezi kuiona kompyuta, na kunisikia nikiwa chumbani hawezi. Akaniambia nichukue kanga yangu nyekundu, niitundike dirishani intaneti ikiwa imeingia, na ikikatika tu niivute ndani. Yeye angetikisa waya nguzo moja baada ya nyingine huku akitazama dirisha langu. Hakutaka kugusa kitu chochote ndani. Alisema mafundi wengi huanza pale penye taa na vitufe kwa sababu panapendeza, na ugonjwa unakaa mahali ambapo mtu anapita kila siku bila kupatazama.

Nguzo ya kwanza, pembeni ya choo changu: akatikisa, kanga imetulia. Ya pili: imetulia. Ya tatu, pale kona ya kwenda kwenye bwawa, akaushika waya kidogo tu, na kwenye kioo cha kompyuta, kap! Nikavuta kanga. Nikapiga upya, paka akalia, ikaingia, nikatundika. Akagusa tena, nikavuta. Mara ya tatu hata hakuutikisa, aliupapasa tu. Nikavuta kanga kwa furaha nusura nivunje kioo cha dirisha, nikatoa kichwa nje nikapaza sauti, mtaa mzima usikie:

"Hapohapo! Hapohapo, Mzee! Ni mshenzi gani aliyefunga waya namna hiyo!"

Jirani aliyekuwa ameshikilia ngazi akaangua kicheko. Mzee wa Laini hakugeuka. Alikaa kule juu, ameinamia kile kiungo, anakivua mpira wa baiskeli taratibu kama mtu anayefungua kidonda. Kisha akakikata, akashuka, akaingia ndani na viatu vyake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akakiweka juu ya meza yangu.

"Angalia kimezungushwa upande gani."

Nikaangalia. Niliona waya wenye kutu, mweusi, umejisokota.

"Mafundi wote niliofanya nao kazi wanazungusha kwenda kulia," akasema. "Mkono wangu wa kazi ni wa kushoto. Anayezungusha hivi ni mmoja tu." Akakigusa kwa kidole. "Huyo mshenzi ni mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kusema sikujua, nikaanza kusema zile zilikuwa nyakati ngumu, akaniinulia kiganja. Angeweza kukaa kimya, unaona? Kilikuwa kipande cha waya tu. Angekitia mfukoni, akafunga kingine, akanywa chai yake, na mimi ningelaani mtu nisiyemjua mpaka leo. Hilo ndilo linanifanya nimpende mzee yule mpaka kesho.

"Mwenye nyumba wa zamani nilimwambia nitarudi," akasema. "Hii ni seng'enge. Kutu ikiingia inabaki inagusagusa tu, na upepo ukija inaachia. Mtu akiongea na mwenzake hajali. Neno likipotea anasema, unasemaje? Anarudiwa. Tulikuwaga tunaishi hivyohivyo, unasemaje, unasemaje, na maisha yanaenda. Hiyo mashine yako haina simile. Neno moja likipotea inakukatia."

Akafunga upya kwa shaba safi na risasi, vitu alivyonunua mwenyewe na kuvibeba mfukoni miaka yote hiyo bila kujua atavitumia wapi. Saa kumi upepo ulivuma mpaka mabati yakalia. Taarifa ya kina mama ikaondoka mwanzo hadi mwisho. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani kama bibi harusi, jirani akaja na kilo ya unga, lakini Mzee wa Laini alikuwa ameketi uani na kile kiungo mkononi na chai hajaigusa.

"Nilidhani viko salama," akaniambia. "Hakuna aliyelalamika. Kumbe ni kwamba watu walishazoea."

Nikajua anaviwaza vile viungo vingine. Nikamwambia avitaje, nivichape, tupeleke barua ofisi ya simu wampe ruhusa ya kuvirudia. Hakuwa na daftari. Alifumba macho akaanza kutaja: nguzo ya pili ukitoka kanisani, nyumba ya mganga wa zahanati, Butiama pale kwenye mteremko, Bunda nyuma ya soko, na wapi na wapi. Kurasa mbili. Alikumbuka hata alifungia nini, hiki mpira wa baiskeli, hiki kamba ya kiatu. Barua niliiandika kwa Kiswahili kizuri nilichonacho. Ilisema mzee haombi mshahara, anaomba ngazi na ruhusa. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi: anashukuriwa kwa moyo wake na suala lake linafanyiwa kazi. Alilisoma mara mbili, akalikunja vizuri. "Wanasemaga hivyo," akasema, na kesho yake akaenda kumwomba jirani yangu ile ngazi, akaifunga kwenye baiskeli, akaanza na Musoma mjini.

Watu walimpokea kila mtu kwa tabia yake. Wapo waliocheka. Wapo waliodhani ni ujanja wa kuomba hela. Wengi walikuwa hata hawakumbuki kama aliwahi kuwaahidi kitu, na hao ndio waliomsumbua zaidi, kwa sababu alilazimika kuwakumbusha kosa lake kwanza ndipo alitengeneze. Kule Bunda walimkamata. Mzee na ngazi, juu ya nguzo, anakata waya, kitambulisho cha kazi hana! Wakamweka ofisi ya kata na wakampigia simu mtu pekee aliyemtaja, yaani mimi. Nilipanda basi na zile kurasa mbili, nimevaa gauni la kanisani ili wanisikilize. Nilipofika nikamkuta anakunywa chai na mtendaji, ameshamtengenezea redio yake.

"Mama Nyangi, pole na safari," akaniambia. "Ningekwambia usije, lakini waliniletea simu, na mimi na simu unatujua."

Miaka ikapita hivyo, nguzo moja mwezi huu, nyingine baada ya mavuno. Kila alipomaliza kimoja alikuja kwangu nikifute kwenye kompyuta. Alipenda kuona mstari unatoweka. Lakini huku yeye anarudia viungo, minara ilikuwa inapanda vilimani, na watu wakaanza kutembea na simu mifukoni. Laini za nyumbani zikaachwa. Kwanza za mjini zilipungua, halafu za vijijini zikazimwa moja kwa moja, na nguzo nyingine zikaliwa kama kuni. Mimi mwenyewe, sijifichi, nilinunua simu ya mkononi na waya wangu nikaurudisha ofisi ya simu. Siku nilipomwambia, alitazama paa langu, akavua viatu, akanywa chai. Kisha akaacha kuja. Niliambiwa anaumwa miguu kwa ile sukari, nami nikajisemea nitakwenda kumwona, na nikawa nasogeza siku.

Mara ya mwisho nilimwona Mugango. Nilikuwa nimekwenda kununua dagaa, na nikipita nyuma ya nyumba za zamani nikaona ngazi ninayoifahamu imeegemezwa kwenye nguzo. Chini yake kuna baiskeli imelala. Juu, mzee amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, mguu mmoja una bandeji.

"Shikamoo, Mzee! Utaanguka!"

"Marahaba. Nishikie basi ngazi, usinipigie kelele."

Nikaishika. Ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa upepo.

"Mzee wangu," nikamwambia polepole, kwa kuwa nilidhani labda hajui, "laini hii si ilishakatwa?"

"Ilikatwa mwaka juzi."

"Sasa?"

Alikuwa anauma waya kwa meno ya pembeni. Akautoa mdomoni. "Simu waliahidi wao. Mimi niliahidi kiungo. Ni cha mwisho hiki, Mama Nyangi, niache nimalize."

Nikamwacha. Nilisimama pale nimekumbatia ngazi na machozi yakanitoka, sioni aibu kuyasema. Nilimwonea uchungu, na nilijionea mimi uchungu zaidi, mimi niliyeshindwa kutembea mtaa mmoja kumjulia hali. Alizungusha waya kwenda kushoto, akamimina risasi, akasubiri ipoe, akaukagua kwa kucha. Kushuka kulituchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Nyumba ilikuwa ya mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Katibu. Mumewe alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha pamba, na simu ya chama ilifungwa nyumbani kwao kwa kuwa ofisi ya chama haikuwa na mlango. Chama kilikufa, mume akafa, simu ikabaki sebuleni juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama mwenyewe alikuwa mzee kutuzidi wote wawili, amekaa kizingitini anatutazama tunavyomjia, mimi nimemshika Mzee wa Laini kwapani.

"Shikamoo, mama," akamwamkia. "Ni yule fundi. Nilisema nitarudi."

"Marahaba. Nakumbuka," akasema Mama Katibu. "Nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Sasa naye ana wajukuu." Alikuwa anatia chumvi, wajukuu haiwezekani, lakini Mzee wa Laini alipokea bila kujitetea.

"Nimechelewa, mama. Naomba radhi."

Mama Katibu akajinyanyua, akatuongoza ndani. Akafunua kitambaa, akachukua mkono wa simu, akauweka sikioni. Tulisubiri tumesimama. Yeye mwenyewe fundi alikuwa amekunja mikono mbele kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe.

"Haisemi," Mama Katibu akasema.

"Haitasema tena, mama. Mtambo walishauzima." Akaonyesha nguzo kwa kidevu. "Lakini sasa si mimi."

Mama Katibu alimtazama, akatazama mguu wake wenye bandeji, akatazama mikono yake. Akarudisha mkono wa simu mahali pake, akaifunika, akanyoosha pembe za kitambaa.

"Si wewe," akasema. "Kaa ule."